Alphonse Pénaud: Kijana wa magongo aliyeipa ndege mizani yake

UKIMUULIZA mtu aliyesomea kambini kule Kigoma ni nani aliyebuni ndege, atakujibu bila kusita kwamba ni ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright. Muulize jirani yake aliyebaki nyumbani akasoma kwa Kifaransa, huenda akakutajia Mfaransa Clément Ader.

Sisi tuliorudi tukiwa na madaftari ya Kiswahili na Kiingereza tumebishana sana na wenzetu juu ya jambo hili. Kila upande ulikuwa na kitabu cha kuonyesha.

Ukweli ni kwamba Ader aliinuka kidogo tu juu ya ardhi mwezi Oktoba 1890, kwa injini ya mvuke, bila uwezo wa kuiongoza ndege yake. Ndugu wa Wright waliruka na kuongoza Desemba 1903, na ndiyo maana dunia imewapa wao heshima hiyo.

Hata hivyo, vitabu vyote viwili mara nyingi humruka mtu mmoja. Naye ni Alphonse Pénaud, Mfaransa aliyefariki akiwa na umri wa miaka 30 tu, bila kuona hata siku moja mtu akiruka kwa mashine yenye mabawa.

Alichoacha ni kidude cha gramu 16, kilichotengenezwa kwa kijiti, mpira na mabawa mepesi. Lakini ndani ya kidude hicho kulikuwa na elimu ambayo hadi leo abiria wa ndege kubwa anaitegemea, ajue asijue.

Mtoto wa baharia asiyeweza kupanda meli

Pénaud alizaliwa Paris tarehe 31 Mei 1850. Baba yake alikuwa admirali, yaani ofisa wa ngazi ya juu kabisa katika jeshi la majini la Ufaransa. Katika familia ya namna hiyo, kazi ya mtoto wa kiume ilikuwa inajulikana mapema: naye angekwenda baharini.

Lakini kijana huyu alipatwa na ugonjwa wa nyonga uliozidi kumdhoofisha kadiri miaka ilivyokwenda. Akawa anatembea kwa magongo. Jeshi la majini halikuwa na nafasi kwa mtu wa hali hiyo, na mlango aliotarajiwa kupita ukafungwa.

Badala ya kukaa na uchungu huo, Pénaud aligeukia jambo ambalo siku zile wengi waliliona la kipuuzi, yaani kutafuta namna ya kuruka angani kwa chombo kilicho kizito kuliko hewa.

Ikumbukwe kwamba baluni zilikuwa zimekwisha kuruka tangu 1783 huko huko Ufaransa. Baluni huelea kwa sababu hewa moto au gesi iliyomo ni nyepesi. Lakini chombo chenye mabawa ya mbao na chuma kielee kwa nini? Hapo wataalamu walitofautiana, na wengi walitikisa kichwa.

Nguvu iliyofichwa katika mpira

Mwaka 1870 Pénaud alianza kutengeneza vidude vidogo vya kuruka. Shida ya kwanza ilikuwa ni nguvu. Injini za mvuke zilikuwa nzito mno kwa chombo kidogo, na waliotangulia walitumia upinde na uzi, ambao hutoa nguvu kwa kitambo kifupi sana.

Yeye alichukua mpira. Ulikuwa ni mpira ule ule uliokwisha kuwa bidhaa ya kawaida baada ya Mmarekani Charles Goodyear kugundua namna ya kuuimarisha kwa salfa na kupata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1844.

Mtoto yeyote wa kijijini anajua kuvuta mpira wa manati. Pénaud hakuuvuta. Aliusokota. Mpira uliosokotwa mara nyingi hujisokotoa taratibu, na wakati unajisokotoa unaweza kuzungusha pangaboi kwa sekunde kadhaa. Aidha, haulazimu kijiti kilichoushika kiwe kinene, kwa hiyo chombo kinabaki chepesi.

Kwa mpira huo alitengeneza helikopta ya kuchezea yenye pangaboi mbili zinazozunguka kinyume, moja juu na nyingine chini. Ukiisokota na kuiachia, inapaa yenyewe. Msomaji aikumbuke helikopta hiyo, kwa sababu tutakutana nayo tena mbali sana na Paris.

Sekunde 11 za Tuileries

Wakati Pénaud akisokota mipira yake, Paris ilikuwa katika taabu kubwa. Julai 1870 Ufaransa iliingia vitani na Prussia. Kuanzia Septemba mji ulizingirwa, chakula kikaadimika, na barua zikawa zinatolewa nje kwa baluni. Mwaka uliofuata, kati ya Machi na Mei 1871, wenyeji wa Paris wakapigana na serikali yao wenyewe. Mwezi huo wa Mei, kasri la kifalme la Tuileries lilichomwa moto.

Haikupita miezi mitatu. Tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries, karibu na kuta zile zilizoungua, Pénaud alifika na kidude chake kipya mbele ya watu waliokuwa wakifuatilia mambo ya anga.

Sisi ambao tumerudi tukakuta kuta bila mapaa tunaweza kuipima siku hiyo. Mji umetoka kuzikana, na kijana wa miaka 21 anasimama kwa magongo kuonyesha kitu ambacho hakimlishi mtu yeyote.

Kidude hicho alikiita planofoa. Kilikuwa na urefu wa nusu mita hivi, na mabawa yenye upana wa sentimita 45 kutoka ncha hadi ncha. Pangaboi ilikuwa nyuma, ikisukuma. Mpira ulisokotwa chini ya kijiti, na mkia mdogo ukakaa mbele kidogo ya pangaboi.

Alikiachia. Kikaruka kwa kuzunguka juu ya bustani kwa sekunde 11, kikaenda umbali wa mita 40 hivi, kisha mpira ulipoisha nguvu kikashuka polepole na kutua. Hakikupinduka, wala hakikudondoka kichwa.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa jambo kubwa. Kuruka kwa kurushwa hata jiwe linaruka. Ndege hii ilijisawazisha yenyewe angani, bila mkono wa mtu.

Siri ya mizani

Ni kweli kwamba Mwingereza George Cayley alikuwa ameshaunda kielelezo kidogo cha kuteleza hewani chenye mkia mwaka 1804. Lakini Pénaud ndiye aliyeeleza waziwazi sababu, na kuithibitisha kwa chombo chenye nguvu yake chenyewe. Maelezo yake yalichapishwa Januari 1872 katika jarida la Kifaransa la mambo ya anga, L'Aéronaute.

Mfanyabiashara anayevusha mizigo kwa baiskeli pale Kobero anaijua nusu ya elimu hii tayari. Akifunga mikungu ya ndizi nyuma mno, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unamkataa. Akiisogeza mbele kidogo, baiskeli inatulia. Uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali ulipokaa.

Ndege nayo ina mahali ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika. Walimu tunapaita kitovu cha uzito. Pénaud aliweka kitovu hicho mbele kidogo ya mahali ambapo nguvu ya kuinua ya ndege nzima inasukuma. Kwa hiyo, kwa asili yake, pua ya ndege inataka kuinama.

Ili isiiname, aliuinamisha mkia kwa pembe ya nyuzi 8 hivi kulinganisha na mabawa, ili hewa iukandamize chini. Mkia ukikandamizwa chini, pua inainuka. Hapo ndipo mizani inapopatikana.

Sasa tazama kinachotokea. Pua ikiinama, ndege inaongeza kasi. Kasi ikiongezeka, hewa inaukandamiza mkia kwa nguvu zaidi, na pua inarudi juu. Pua ikiinuka mno, kasi inapungua, mkia unakandamizwa kidogo, na pua inarudi chini. Ndege inajirekebisha kila mara kama mtu aliyebeba ndoo kichwani anavyorekebisha shingo bila kufikiri.

Kwa upande wa kulia na kushoto, alikunja ncha za mabawa kuelekea juu. Ndege ikilalia upande mmoja na kuanza kuteleza upande huo, bawa lililoshuka linapigwa na hewa zaidi na kuinuliwa.

Elimu hiyo haijazeeka. Leo hii kuna watu, wakubwa kwa wadogo, wanaonunua ndege ndogo za kuongozwa kwa rimoti zikiwa vipande ndani ya boksi. Mchezo huo ulianza mwishoni mwa miaka ya 1930 huko Marekani. Mnunuzi hupewa ramani, vipande vya mti mwepesi wa balsa vilivyokatwa tayari, na karatasi au plastiki nyembamba ya kufunikia.

Kazi yake huanza kwa kutandaza ramani juu ya meza iliyonyooka kabisa. Anabandika mbavu za bawa moja moja kwa gundi, akihakikisha bawa halijipindi, kwa maana bawa lililopinda litaipeleka ndege upande mmoja kila inaporuka. Kisha anaunganisha kiwiliwili na mkia, anafunika, halafu anaweka mota, betri, kipokezi cha mawimbi ya redio na vimota vidogo vya kuvuta usukani wa mkia.

Baada ya hayo yote, ndege inaweza kuonekana nzuri kama ya dukani na bado isiruke. Inabakia kazi ya Pénaud, yaani kutafuta mizani.

Mjenzi huinyanyua ndege kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa. Kwa ndege nyingi za kawaida, vidole hivyo hukaa robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Bawa likiwa na upana wa sentimita 20, basi ni kati ya sentimita 5 na 7 kutoka mbele. Ndege ikitulia wima sawa, au pua ikiinama kidogo sana, mambo ni mazuri.

Mkia ukianguka chini, kuna hatari. Ndege yenye mkia mzito itainua pua mara tu baada ya kuachiwa, itapoteza kasi na kuanguka kabla mwenye rimoti hajajua afanye nini. Dawa yake ni kusogeza betri mbele. Ikishindikana, anaongeza kipande cha risasi puani.

Hapa kuna hesabu ambayo mwenye mzani wa kuning'iniza sokoni ataipenda. Ukiongeza gramu 10 mkiani, sentimita 60 nyuma ya vidole, na pua iko sentimita 20 tu mbele ya vidole, utahitaji gramu 30 puani ili kurudisha mizani. Ndiyo maana wajenzi wazoefu wanaubania mkia hata gundi. Kosa dogo lililo mbali hulipwa kwa gharama kubwa karibu.

Mwisho, ndege hushikwa puani na mkiani ili kuona kama bawa moja ni zito kuliko jingine. Lililo jepesi huongezewa uzito kidogo kwenye ncha.

Ndege iliyobaki kwenye karatasi

Baada ya planofoa, Pénaud alitengeneza pia kidude chenye mabawa ya kupigapiga kama ya ndege wa porini, nacho kiliruka kwa mpira. Lakini akili yake ilikuwa imekwisha kuhama kutoka kwenye vichezeo. Alitaka ndege ya kubeba watu.

Mwezi Februari 1876, yeye na fundi aitwaye Paul Gauchot walipata hataza ya ndege kamili. Ukiisoma michoro hiyo leo unaweza kudhani ni ya miaka 50 baadaye.

Ilikuwa na pangaboi mbili mbele zinazozunguka kinyume, magurudumu ya kukunjwa baada ya kupaa, kiwiliwili kinachoweza kutua majini, na chumba cha rubani chenye kioo. Usukani wa kwenda juu na chini na ule wa kulia na kushoto ulikuwa kwenye mpini mmoja. Rubani alitengewa vyombo vya kumwonyesha hali ya safari yake, ikiwamo dira.

Uzito wake ulikadiriwa kuwa kilo 1,200 hivi, ukihitaji injini ya nguvu za farasi 20 hadi 30. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Mwaka huo huo wa 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alikamilisha injini yake ya gesi, lakini ilikuwa nzito ya kukaa sakafuni, si ya kupeleka angani. Mtu alikuwa tayari, mchoro ulikuwa tayari, injini ilikuwa bado.

Pénaud alitafuta wa kumsaidia kwa fedha, asimpate. Wapo waliombeza. Fedha na makofi ya watu yalikuwa upande wa baluni. Mwaka 1878, wakati wa maonyesho makubwa ya Paris, mhandisi tajiri Henri Giffard aliweka baluni kubwa mno iliyofungwa kwa kamba pale pale Tuileries, na watu wakalipa kupandishwa juu kuutazama mji. Ilikuwa miaka 7 tu tangu planofoa iruke mahali hapo.

Giffard huyo hakuwa mtu mdogo. Mwaka 1852 alikuwa wa kwanza kusafiri kwa baluni yenye injini ya mvuke. Pénaud alimwendea kuomba msaada. Hakuupata.

Afya yake ilikuwa inazidi kudhoofu, na moyo wake ukavunjika. Inasimuliwa kwamba aliiweka michoro yake yote katika sanduku dogo lenye umbo la jeneza, akalipeleka nyumbani kwa Giffard. Mwezi Oktoba 1880 Alphonse Pénaud alijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Giffard naye, akiwa amepoteza nuru ya macho, alijitoa uhai mwaka 1882.

Kichezeo kilichovuka bahari

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa ni ya majonzi tu. Lakini bidhaa hutembea kuliko watu, jambo ambalo wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji kufundishwa. Mali huvuka, huuzwa, huuzwa tena, na mwisho wa safari hakuna anayejua jina la aliyeitengeneza.

Mwaka 1878, Pénaud akiwa bado hai, mhubiri mmoja wa Marekani, Askofu Milton Wright, alirudi nyumbani kutoka safarini akiwa na zawadi kwa wanawe. Familia ilikuwa ikiishi Cedar Rapids, katika jimbo la Iowa. Zawadi yenyewe ilikuwa helikopta ndogo ya kuchezea inayorushwa kwa mpira uliosokotwa. Ilikuwa ya mtindo wa Pénaud.

Wilbur alikuwa na miaka 11, na Orville miaka 7. Orville alizaliwa tarehe 19 Agosti 1871, yaani siku moja tu baada ya planofoa kuruka Tuileries.

Watoto wale waliirusha hadi ikavunjika, kisha wakaanza kutengeneza za kwao. Walipojaribu kutengeneza kubwa zaidi, zilikataa kuruka vizuri, na hawakujua kwa nini. Baadaye, wakiwa watu wazima, walielewa kwamba ukikuza kila kipimo mara mbili, nguvu inayohitajika huongezeka si mara mbili, bali mara nane.

Mmarekani mwingine, Profesa Samuel Langley, alianza na vielelezo vya mpira vya aina ya Pénaud. Mwezi Mei 1896 kielelezo chake cha injini ya mvuke, kisicho na mtu, kiliruka umbali wa karibu kilomita moja.

Tarehe 17 Desemba 1903 ndugu wa Wright wakaruka. Safari yao ya kwanza siku ile ilichukua sekunde 12, umbali wa mita 36 hivi. Msomaji alinganishe mwenyewe na zile sekunde 11 na mita 40 za Paris.

Wao walichagua njia tofauti: usukani wa juu na chini waliuweka mbele, na usawa wa ndege waliuacha mikononi mwa rubani. Lakini miaka michache baadaye watengenezaji wengi walirudi kwenye mkia wa nyuma unaotuliza ndege, kama alivyoonyesha Pénaud. Ndege nyingi za abiria zinazopita juu ya ziwa letu la Tanganyika zina mkia wa namna hiyo.

Miongoni mwa watoto wanaorudi shuleni kwetu wapo wanaotembea kwa magongo, na wapo wanaokuja na vichezeo vya waya na mipira ambavyo wenzao huvicheka. Mzazi au mwalimu anayempokonya mtoto kidude chake na kukitupa jalalani hajui anatupa nini. Na anayemwona mtu mwenye kipaji akiishiwa nguvu ya moyo asisubiri aletewe sanduku mlangoni. Aende yeye.

Anayetaka kuijaribu elimu ya Pénaud hahitaji boksi la dukani. Kijiti kimoja, karatasi ngumu, mpira na vidole viwili vya kupimia mizani vinatosha kwa kuanzia. Pua ikiinama mno, punguza mbele. Mkia ukianguka, punguza nyuma. Kisha urudie tena, mpaka kitulie.